Babangu ametangulia, rivolva yake imo kwenye sefu nyumbani. Nifanyeje?

BintiKibokoni

Assalaam aleikum wanajamvi. Naomba mnisome kwa subira, maneno ni mengi.

Mzee wetu ametangulia mbele ya haki hivi karibuni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mamangu yumo edani. Mambo ya hitma na madeni yalikwenda sawa kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Limebaki moja linalonikosesha usingizi. Chumbani kwao mna sefu ndogo ya chuma, na ndani mna rivolva yake, Smith & Wesson ya risasi sita za aina ya .38 Special, pamoja na boksi la risasi. Cheti chake cha silaha kilikuwa halali, na alikaguliwa upya kama raia wengine wenye silaha baada ya lile tangazo la Desemba 2018 la Matiang'i, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo. Lakini cheti kina jina lake. Si langu, wala si la mamangu.

Ami yangu asema iachwe hapo hapo mpaka eda ishe, tusimletee mjane maaskari nyumbani. Kakangu aliye Doha ataka iuzwe, pesa zigawanywe. Mimi nataka ibaki, na niwaambie kwa nini ili msidhani napenda silaha tu.

Babangu alikuwa ajenti wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kabla M-Pesa haijaanza mwaka 2007, vibarua walilipwa kwa noti. Kila mwisho wa wiki alitoka benki pale Moi Avenue na mkoba wa mishahara hadi ofisini Shimanzi, na hiyo ndiyo sababu aliyoiandika alipoomba leseni. Hakuwahi kuitoa mbele ya wageni. Ndugu zake wengi hawakujua kama anayo. Vibarua walipoanza kulipwa kwa simu, ikawa haina kazi tena ila kulengea shabaha.

Mimi nilimwomba anifunze nilipokuwa mtu mzima, nina kazi yangu. Hakukubali siku hiyo wala mwezi huo. Alinipeleka kwanza klabuni nikajiandikishe, nikahudhuria mafunzo ya usalama, kisha ndipo akaanza kunifunza yeye. Kwa muda mrefu hakuna risasi hata moja iliyofyatuliwa, ilikuwa ni kufungua na kufunga tu. Unasukuma kitufe kwa dole gumba, silinda inatoka upande wa kushoto, unainua juu uone mwanga kwenye matundu yote sita. Halafu unatia kidole cha mwisho katika kila tundu. Nilipomuuliza kidole cha nini na macho yameshaona, alinijibu kwamba jicho huona linalotaka kuona. Mpaka leo hata kufuli la mlango nalishika kwa mkono kabla sijaondoka.

Tulikuwa tunatoka Jumapili baada ya alfajiri, tunavuka daraja la Nyali barabara ikiwa tupu. Silinda moja tuligawana: tatu zake, tatu zangu. Yeye kwanza, mimi baadaye. Kwa wasiojua, rivolva ina njia mbili za kufyatua. Ukiivuta nyundo nyuma kwa kidole, triga inakuwa nyepesi sana. Usipoivuta, triga yenyewe ndiyo inayoinua nyundo na kuzungusha silinda, na mvuto wake ni mrefu na mzito. Babangu alinitaka nijue ule mzito. Alisema ukiuweza huo, ule mwepesi utakuja wenyewe.

Alikuwa na mbinu moja niliyoipenda kuliko zote. Alinigeuzia mgongo, akajaza silinda kwa kuchanganya risasi nzima na maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, akanipa nisijue kipi kiko wapi. Nyundo ikiangukia ganda tupu hakuna kishindo, na hapo mtutu ukishtuka chini kila mtu anaona kwamba ni mimi niliyeushtua kwa kuogopa mlio. Hakunikemea. Alisema tu, "Umeona?" Nami nilikuwa nimeona. Tukarudia mpaka mtutu ukatulia.

Nyumbani babangu alikuwa mkimya. Wengi wa rika lake walikuwa hivyo, waliwapenda watoto wao kwa kuwalipia karo na kuwauliza kama wamekula. Kule uwanjani alizungumza. Nilimjua pale. Alinieleza jinsi alivyoanza kazi bandarini akiwa karani mdogo, jinsi babake alivyokataa asisafiri, na mambo ya mamangu ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mtoto wa jicho alipomzidi, nikawa mimi ndiye jicho lake. Anafyatua, namwambia, "Chini kushoto," anarekebisha. Wakati mwingine risasi ya tatu aliipiga katikati kwa sauti yangu tu.

Tukirudi, ilisafishwa siku hiyo hiyo. Chumvi ya bahari haingoji kesho. Alitumia Hoppe's No. 9, ile dawa yenye harufu ya ndizi mbivu, ikajaa ukumbi mzima na mamangu akafungua madirisha.

Maswali yangu: Je, inaweza kukaa kwenye sefu mpaka eda ishe? Naweza kuandikishwa mimi badala yake? Ikishindikana, mtutu ukizibwa isifyatue tena naweza kuiweka kama kumbukumbu? Na kutu je? Tangu afariki haijaguswa.

WakiliPwani

Pole sana kwa msiba, dada. Nitasema kwa uwazi kwa sababu jambo lako lina haraka kuliko unavyodhani.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, imekataza mtu yeyote kuwa na silaha au risasi bila cheti chake mwenyewe. Cheti ni cha mtu, hakirithiwi kama kiwanja. Alipofariki babako, waliobaki na ufunguo wa sefu ile hawana kinga yoyote. Ami yako ana nia njema, lakini anamweka mamako katika hatari ya mashtaka ya jinai. Sheria haina kipengele kinachosema silaha isubiri eda.

Usiitoe. Usiibebe kwenye mkoba uende nayo kituoni. Hata hiyo safari ni kuwa na silaha bila cheti, na ukisimamishwa njiani utaanza kujieleza ukiwa umechelewa. Piga simu au nenda kituoni mikono mitupu ukiwa na cheti cha kifo na nakala ya cheti cha silaha, umwone OCS, yaani mkuu wa kituo, uombe maafisa waje kuichukua. Hakikisha imeandikwa kwenye OB, lile daftari la matukio la kituo, na upewe nambari ya OB pamoja na stakabadhi inayotaja aina ya silaha, nambari yake ya chuma (ile iliyochongwa juu yake) na idadi ya risasi. Risasi hesabuni pamoja nao, moja moja.

Kuhusu kuziba mtutu, usitegemee hilo. Sheria yetu inahesabu kuwa silaha hata kipande cha silaha, na pia kitu kinachoweza kurekebishwa kikafyatua. Rivolva iliyozibwa ukutani kwako bado itakuwa na maswali yale yale.

Kuandikishwa wewe kunawezekana kuombwa. Bodi ya Leseni za Silaha inataka sababu ya kuridhisha, mwenendo mwema na akili timamu. Mapenzi kwa marehemu ni jambo zito kwetu sote, lakini sioni kama yatatosha peke yake kwenye fomu. Uanachama wako wa klabu na mafunzo uliyopata yana uzito zaidi. Yaanze hayo.

NahodhaLikoni

Mimi nitaongeza moja tu. Agosti 1997 nilikuwa Likoni. Kituo cha polisi kilivamiwa usiku, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na yaliyofuata tuliyaona kwa macho yetu: nyumba zilizochomwa na jirani zetu wa bara waliokimbilia kanisani. Tangu siku hiyo sipendi kusikia silaha imekaa mahali ambapo mwenyewe hayupo. Watu waliokuja hitmani ni wengi, na maneno hutembea. Dada, isilale hapo usiku mwingine.

AskariMstaafu

Mwanangu, Mungu amlaze pema babako. Mimi nilikuwa ghala la silaha miaka mingi kabla sijastaafu, na yale ya wakili ni sawasawa.

Niongeze ya kazi. Wakija maafisa, mwambie anayeipokea aifungue mbele yenu na aionyeshe tupu kabla haijatoka chumbani. Kama ni mtu wa kazi ataifanya bila kuambiwa. Nambari ya chuma kwenye Smith & Wesson za aina hiyo iko chini ya kitako, na mara nyingi pia ndani, pale silinda inapokaa ikiwa wazi. Ilinganisheni na cheti. Tarakimu moja ikikosewa kwenye stakabadhi, utakuja kuhangaika miaka kuthibitisha kwamba iliyopokewa ndiyo iliyokuwa yenu.

Pia tazameni boksi la risasi. Wapo wazee waliokuwa na .38 mbili. Zile Webley na Enfield za Waingereza, zinazokunjika katikati kama unavunja kijiti, zilikula risasi nyingine ya .38, fupi na pana kidogo kuliko .38 Special. Zote watu waliziita "thati eti" na zikachanganywa masandukuni. Kama zimo za namna mbili, ziandikwe mbali mbali.

Hiyo ya kuchanganya maganda na risasi nimeipenda. Na mimi nilifunzwa hivyo hivyo, na niliwafunza vijana. Babako alijua anachofanya.

BintiKibokoni

Nashukuru nyote. AskariMstaafu, nimelia kusoma hiyo sentensi yako ya mwisho. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo kuhusu babangu, kwa sababu hakuna aliyejua.

Nina swali la haya kidogo. Nawezaje kumwambia mamangu? Ami ameshamwambia kwamba nataka kuleta polisi, na ami mwenyewe amenuna. Asema si heshima wanaume wageni waingie chumbani mwa mjane akiwa edani.

MamaTudor

Mwanangu, mimi nimekaa eda. Mume wangu aliacha silaha pia, si rivolva, ile bastola ya kisasa. Kwa hiyo nnajua unalosema.

Eda ni kujizuia na mapambo na kutoka bila haja. Si kwamba nyumba inafungwa kwa dunia. Daktari angeingia, fundi wa paa angeingia. Hili ni dharura, na muulizeni sheikh mnayemwamini mumsikie ami akiwepo, atawaambia hivyo hivyo. Ami akisikia kwa sheikh hatakunung'unikia wewe.

Halafu fanya haya: mwombe OCS alete afisa mwanamke. Wapo. Mimi nililetewa. Wavae kiraia, gari lisiwe na ving'ora mlangoni. Mamako ahamie chumba cha pili na dada zake, sefu ifunguliwe na ami mwenyewe. Mpe ami kazi. Wanaume wetu wakipewa kazi hasira hupungua.

Na zungumza na mamako kabla ya haya yote, ninyi wawili tu. Mimi watoto wangu walinificha wakidhani wananihurumia. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa silali, kila nikigeuka naikumbuka ile sefu na wajukuu wanaocheza chumbani. Siku ilipotoka ndipo nilipolala.

FundiChuma

Mimi nijibu la kutu kwa sababu hakuna aliyeligusa.

Hewa ya Mombasa ni adui wa chuma, na Mji wa Kale, huko kwenu Kibokoni, uko majini kabisa. Swali la kwanza: imehifadhiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi, ule wa kuvaa kiunoni? Kama ndiyo, hapo ndipo pa kuogopa. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma, na zile dawa zilizotumika kuilainisha ngozi zinakula rangi ya chuma. Watu hudhani mkoba unailinda. Wa kuvaa ni sawa, wa kuhifadhia si sawa.

Hata hivyo usiifungue sefu kwenda kupaka mafuta. Kutu ya miezi michache kwenye chuma kilichotunzwa kama ulivyoeleza ni ya juu juu, inatoka kwa mafuta na pamba laini ya chuma, kwa mkono mwepesi. Aliyesafisha siku hiyo hiyo miaka yote ameacha mafuta kwenye kila kona. Ukikabidhi, omba kwa adabu ipanguswe kwa kitambaa cha mafuta na isirudishwe kwenye ngozi. Mkoba baki nao wewe. Si silaha, wala brashi na chupa ya dawa si silaha.

KakaDoha

Jamani, mimi ndiye kaka. Dada alinitumia kiungo hiki. Sikujua nusu ya aliyoyaandika. Nilijua kwamba Jumapili wanatoka, nilidhani wanakwenda sokoni Kongowea.

Niliposema iuzwe nilikuwa nafikiria mirathi tu. Wakili, tuambie, akiitaka yeye inakuwaje?

WakiliPwani

Kaka, pole na hongera kwa kuja mwenyewe.

Rivolva ni mali ya marehemu kama gari lake, kwa hiyo thamani yake imo ndani ya tarika, yaani mali aliyoiacha, baada ya madeni na wasia. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane aliyeachwa na watoto ana thumuni (moja ya nane), na kinachobaki mtoto wa kiume hupata sehemu mbili za wa kike. Kwa hiyo ombeni ithaminiwe na muuzaji silaha mwenye leseni. Mkikubaliana warithi wote, thamani ile inahesabiwa ndani ya fungu la dadako. Andikeni makubaliano hayo, na mkienda Mahakama ya Kadhi yawemo kwenye orodha. Mwiko ni mmoja: kugawana thamani hakumpi mtu haki ya kuishika. Itabaki mikononi mwa polisi mpaka Bodi iseme ndiyo. Ikisema hapana, inauzwa kwa mwenye leseni na pesa zinarudi kwenu.

KakaDoha

Ihesabiwe ya kwake. Na mimi nitasaini. Hata hiyo thamani, kwa upande wangu nimemwachia.

Mlengaji

Dada, mimi ni wa klabu, na nafikiri nilikuwa nawaona, mzee mwenye kofia ya kufuma na binti aliyekuwa akimwambia risasi imeanguka wapi. Hatukuwahi kuzungumza ila salamu. Kama ni ninyi, basi mjue tuliokuwa mistari ya pembeni tulikuwa tunawatazama.

Ushauri wangu ni kwamba usiache kuja. Fanya hivi kwa ajili ya ombi lako, na kwa ajili yako. Siku hizi wengi wana bastola za magazini na rivolva zimebaki chache, lakini mashindano ya IDPA, yale ya kulenga shabaha kwa silaha za mkononi, yana daraja lake la rivolva peke yake, na hapa Kenya yanachezwa. Mtu anayeonekana uwanjani, jina lake limo kwenye daftari la mahudhurio, ana jambo la kuwaambia waliokaa mezani kumhoji. Mtu anayesema tu "ilikuwa ya babangu" hana.

Usijaze fomu ukiwa na haraka. Tafuta kwanza cheti cha mwenendo mwema cha DCI (idara ya upelelezi), barua ya klabu, na stakabadhi ya polisi inayoonyesha kwamba familia iliikabidhi yenyewe bila kutafutwa.

BintiKibokoni

Ni sisi. Kofia ile mamangu ndiye aliyeifuma.

Nawaletea yaliyotokea. Nilikaa na mamangu kama alivyosema MamaTudor. Kabla sijamaliza alinikatiza, akasema, "Nilikuwa nakungoja uniulize." Alitaka itoke tangu wiki ya kwanza, alinyamaza akidhani mimi ndiye nitakayeumia. Sheikh alimweleza ami, na ami ndiye aliyekwenda nami kituoni. Walikuja maafisa wawili, mmoja mwanamke, wamevaa kiraia. Yule mama ndiye aliyeifungua. Silinda ikatoka kushoto, akainua juu kwenye dirisha, halafu akatia kidole katika kila tundu. Nilishika mlango.

Nambari imelingana na cheti. Risasi zilikuwa za aina moja, zikahesabiwa mbele ya ami na kuandikwa. Haikuwa ndani ya ngozi, FundiChuma. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta, na kutu haikuwepo hata doa. Nambari ya OB na stakabadhi nimeziweka kwenye faili la mirathi, nakala nimemtumia kaka.

Mkoba, brashi na chupa ya Hoppe's vimebaki kwangu. Mamangu ameniambia nisiitupe ile chupa hata ikiisha.

Mlengaji, Jumapili uwanja unafunguliwa saa ngapi siku hizi? Na kuna bunduki ya klabu ninayoweza kulengea chini ya mkufunzi?

Mlengaji

Saa mbili asubuhi. Mkufunzi yupo, na rivolva ya klabu ipo, ina mtutu mfupi kidogo kuliko mliyoizoea, kwa hiyo itaruka zaidi mkononi. Njoo na kadi ya uanachama na kinga ya masikio yako mwenyewe. Za klabu zimechakaa.